Kuyeyuka, kumumunyuka na kutawanyika: Vitenzi vitatu vinavyogusa afya ya mtoto

Sukari ikitiwa ndani ya chai, huyeyuka au humumunyuka? Na kidonge cha malaria cha mtoto kikitumbukizwa katika maji, huyeyuka, humumunyuka, au hufanya jambo la tatu? Msomaji mpendwa, usilidhani swali hili kuwa mchezo wa mabwana wa sarufi waliokosa shughuli. Jibu lake laweza kuamua iwapo mtoto atapata dozi kamili au nusu yake.

Mazungumzo yaliyonisukuma kuandika makala haya niliyasikia Voi, katika duka la dawa ambalo sitalitaja. Kijana aliyekuwa akihudumu alimpa mama mmoja vidonge vya mtoto na kumwelekeza hivi: “Mama, hii unayeyusha na maji kidogo tu. Inayeyuka yenyewe, halafu unampa mtoto.” Mama akauliza swali la busara sana: “Na ile nyeupe itabaki chini ya kikombe?” Kijana akajibu, “Aah, hiyo ni masalio tu, mwaga.”

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, “Kijana wangu, hiyo nyeupe ndiyo dawa yenyewe.” Akanitazama kwa adabu ya watu wa pwani na bara walivyokutana pale mjini, akasema, “Mzee, kwani wewe ni daktari?” Nikamjibu kwamba udaktari ninao, ila ni wa lugha. Tulicheka sote watatu, kisha tukasoma pamoja karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza, na ilimwagiza mlezi asuuze kikombe kwa maji mengine kidogo na kumnywesha mtoto maji hayo. Mwandishi wa karatasi alijua kwamba dawa haimumunyuki yote. Kijana wetu hakuwa mjinga hata kidogo. Alichokosa ni kitenzi.

Tuanze basi na vitenzi, kisha tuingie katika sayansi inayovitenganisha.

Kuyeyuka, katika matumizi ya kisayansi, ni kitu kigumu kugeuka kuwa kioevu kwa sababu ya joto. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, risasi huyeyuka. Hapahitajiki maji wala kitu kingine chochote isipokuwa joto. Kumumunyuka ni kitu kugawanyika ndani ya kioevu mpaka chembe zake za mwisho kabisa, yaani molekuli au ioni, zichanganyike na zile za kioevu hicho. Hapa joto si lazima. Chumvi humumunyuka hata katika maji ya mtungi yaliyolala nje usiku kucha huko Wundanyi, ambako baridi ya Julai haina mzaha. Ama ukitaka kuiyeyusha chumvi hiyo kwa moto bila maji, utahitaji joto la takriban nyuzi 801 za Selsiasi. Jiko la makaa halitakufikisha huko.

Neno kumumunyuka lina asili tamu. Limetokana na kumumunya, yaani kuweka kitu kinywani na kukifyonza polepole bila kukitafuna, kama afanyavyo mtoto na peremende au bibi aliyepoteza meno. Mwenye kumumunya anajua jambo ambalo wanakemia walichukua muda kulieleza kwa hesabu: peremende haiishi kutoka ndani. Huisha kutoka nje, tabaka baada ya tabaka. Pembe zake hutangulia kwenda, ikawa mviringo, kisha ikawa kama dengu, kisha ikatoweka.

Najua kuna msomaji atakayesema, “Prof, sisi tangu zamani tunasema sukari imeyeyuka.” Ni kweli, nami husema hivyo hivyo nikiwa mezani. Lugha ya kila siku ina haki zake, na sina nia ya kumkosoa mtu anayekunywa chai yake. Lakini zipo mahali ambapo neno hubeba mzigo mzito zaidi, kama vile darasani, kwenye maabara na kwenye pakiti ya dawa. Huko tofauti lazima ionekane.

Fuwele na bilauri

Vitu vingi vigumu tunavyovitia majini ni fuwele. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia kila upande, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi stadi. Mpango huo wa ndani ndio unaozaa nyuso bapa na pembe kali tunazoziona kwa nje. Punje ya chumvi laini ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaona mchemraba mdogo. Shabu, ile ambayo vinyozi hupaka kidevuni baada ya wembe, ikiachwa ikue kwa utulivu huwa na nyuso nane, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako.

Wakazi wa Taita Taveta hawahitaji kufundishwa thamani ya fuwele. Mawe yao ya vito ni fuwele. Rubi za Mangare zina asili ya pande sita. Tsavoraiti, ile ganeti ya kijani ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967 na baadaye upande huu wa Kenya, ilipewa jina la Tsavo mwaka wa 1974. Ganeti iliyokua bila bughudha huwa na nyuso 12 au 24. Hata hivyo, tsavoraiti ya huku mara nyingi hutoka ndani ya mwamba ikiwa imefungwa katika donge lisilo na umbo la kupendeza, na ndiyo maana kazi ya mkataji ni kubwa. Mwanafunzi anayesomea madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta hujifunza mapema kwamba umbo la nje na mpango wa ndani ni vitu viwili. Donge la tsavoraiti halina nyuso nzuri, lakini ndani yake mpango ni ule ule.

Wachimbaji wengi hutumia neno kristali, ambalo limetujia kupitia Kiingereza. Mzizi wake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ilikuwa barafu. Wagiriki wa kale walitumia neno moja kwa barafu na kwa jiwe angavu la kwatzi, na wazee wao wengine waliamini kwamba kwatzi ni barafu iliyoganda mno hata ikashindwa kuyeyuka. Kwa hiyo, mkanganyiko wa kuyeyuka ulikuwapo ndani ya neno lenyewe tangu zamani.

Nasi tuna hazina yetu. Bilauri, neno tunalolitumia kwa chombo cha kunywea maji, linatokana na neno la Kiarabu ambalo maana yake ni fuwele. Sukari nayo, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, inarudi nyuma mpaka Kisanskriti, ambako mzizi wake ulimaanisha changarawe. Kwa hiyo, ukitia sukari ndani ya bilauri ya maji, kwa asili ya maneno umetia changarawe ndani ya fuwele, na bado inatoweka! Inatowekaje?

Umbo na kasi

Maji hayawezi kugusa kitu kigumu isipokuwa kwenye uso wake. Chembe zilizo ndani husubiri zamu. Kwa hiyo, kadiri uso ulivyo mkubwa ndivyo chembe nyingi zaidi zinavyoweza kuondoka kwa wakati mmoja.

Chukua mchemraba wa chumvi wenye upande wa sentimita 1. Una nyuso sita, hivyo eneo la uso wake ni sentimita za mraba 6. Ukate vipande vya milimita 1. Utapata michemraba 1,000, na jumla ya eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 60. Usage tena ufikie sehemu ya kumi ya milimita, karibu na punje nyingi za chumvi laini, eneo litakuwa sentimita za mraba 600. Chumvi ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini uso umeongezeka mara 100. Ndiyo maana sukari guru huzama ndani ya chai na kukaa kitako, ilhali sukari ya dukani hupotea kabla kijiko hakijamaliza mizunguko mitatu.

Hiyo ni habari ya ukubwa. Sasa tuje kwenye umbo lenyewe. Tuchukue fuwele nne zenye ujazo sawa, milimita 1 ya ujazo kila moja. Ya kwanza iwe duara kama gololi. Uso wake utakuwa takriban milimita za mraba 4.8, na hakuna umbo jingine lenye uso mdogo kuliko huo. Ya pili iwe mchemraba, nayo itakuwa na milimita za mraba 6. Ya tatu iwe sindano yenye unene wa milimita 0.2 na urefu wa milimita 25. Hiyo itakuwa na takriban 20. Ya nne iwe kigamba, mfano wa gamba la samaki, chenye upana wa milimita 5 kila upande na unene wa milimita 0.04. Kigamba hicho kitakuwa na takriban milimita za mraba 51. Ujazo haujabadilika hata chembe, lakini mwanzoni kigamba kimeyapa maji uso zaidi ya mara nane ya ule wa mchemraba.

Umbo lina athari nyingine iliyojificha. Ndani ya fuwele ya chumvi, kila ioni imezungukwa na majirani sita walio karibu kabisa. Iliyo kwenye uso imebaki na watano. Iliyo kwenye ukingo ina wanne, na iliyo kwenye pembe ina watatu tu. Mwenye majirani wachache hung'olewa upesi, kama ilivyo kwa nyumba ya mwisho kijijini siku ya upepo. Kwa sababu hiyo, pembe na kingo huliwa kwanza. Vilevile, nyuso mbalimbali za fuwele moja huweza kumumunyuka kwa kasi tofauti, kwa kuwa chembe hazikupangwa sawasawa kwenye kila uso. Fuwele mbili za kitu kimoja, moja ndefu na nyingine fupi na nene, haziyaonyeshi maji nyuso zile zile kwa kiasi kile kile.

Mwaka wa 1897 wanasayansi wawili wa Marekani, Arthur Noyes na Willis Whitney, walilipa jambo hili sura ya hesabu. Walichukua vijiti vya asidi ya benzoiki na vya kloridi ya risasi, wakavizungusha ndani ya maji na kupima kiasi kilichomumunyuka kadiri muda ulivyopita. Waligundua kwamba kasi hutegemea tofauti kati ya kiasi ambacho maji yanaweza kubeba na kiasi ambacho tayari yamebeba. Maji yanapokaribia kushiba, kasi hupungua. Walitumia vijiti vya umbo moja makusudi, ili uso usiwavurugie hesabu. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1904, Walther Nernst na Erik Brunner wakaeleza kwamba fuwele hujizungushia utando mwembamba wa maji yaliyoshiba, na chembe hupenya utando huo polepole. Ukikoroga, utando huwa mwembamba zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kijiko chako cha chai.

Hapa naomba tusichanganye mambo mawili. Umbo hubadilisha kasi, yaani upesi wa kumumunyuka. Kwa punje tunazoziona kwa macho, umbo halibadilishi kiwango cha mwisho. Mililita 100 za maji ya kawaida hubeba takriban gramu 36 za chumvi, iwe ni ya mawe au ya unga. Baada ya hapo maji yamesema basi. Mwenye chumvi ya unga atafika mapema, mwenye mabonge atachelewa, lakini kituo ni kimoja.

Jambo jingine ni mpango wa ndani wa fuwele. Huo ukibadilika, hata kiwango cha mwisho hubadilika. Mfano unaotajwa sana ni wa ritonaviri, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI. Mwaka wa 1998 watengenezaji walikuta kwamba dawa ndani ya kapsuli zake imeanza kujipanga katika fuwele za aina mpya isiyomumunyuka kwa urahisi. Kemikali ilikuwa ile ile, lakini kapsuli hazikufaa tena, zikaondolewa sokoni hadi ilipopatikana njia nyingine ya kuitengeneza. Umbo la nje ni kama nguo, na mpango wa ndani ni kama mwili. Kubadilisha nguo si sawa na kubadilisha mwili.

Dawa zinazotaka haraka na zinazotaka subira

Dawa ya kumeza haina budi kumumunyuka kabla ya kupenya kuingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo, kiwandani watu hujishughulisha na umbo la fuwele kuliko tunavyodhani. Sindano na vigamba vina uso mkubwa, lakini havitiririki vizuri ndani ya mashine. Sindano hushikana na kuvunjika, na vigamba hulaliana. Mara nyingi mtengenezaji huchagua punje nene zinazotiririka vizuri, kisha akazisaga ili kurudisha uso alioupoteza.

Zipo dawa ambazo uzuri wake ni kutomumunyuka upesi. Wagonjwa wengi wa kisukari nchini wanaifahamu insulini yenye mawingu. Ukungu ule mweupe ndani ya chupa si uchafu wala dalili ya kuharibika. Ni fuwele ndogo sana zilizoundwa makusudi, kwa mbinu iliyokamilishwa mwaka wa 1946 katika maabara ya Hans Christian Hagedorn huko Denmark. Zikidungwa chini ya ngozi humumunyuka polepole, na insulini huingia mwilini kwa saa nyingi badala ya kuingia yote kwa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wadenmark wengine wakaenda mbali zaidi: walichanganya sehemu 7 za insulini ya fuwele na sehemu 3 za insulini isiyo na umbo la fuwele, ili hii ianze kazi mapema na ile iendelee baadaye. Umbo la kitu kigumu lilifanywa kuwa saa ya mwili.

Kwa kuwa fuwele hizo hutuama chini ya chupa, mgonjwa huagizwa aiviringishe chupa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta dozi. Asipofanya hivyo, leo atavuta maji matupu na kesho atavuta dawa kali kupita kiasi. Tazama tena uzito wa kitenzi. “Tikisa” si “viringisha”, na mwuguzi anayejua tofauti hiyo kwa Kiswahili humkinga mgonjwa wake.

Kwa sababu iyo hiyo, si kila kidonge huruhusiwa kusagwa. Wapo wanaomsagia mzee vidonge vyake vya shinikizo la damu au vya kisukari kwa huruma, kwa kuwa hawezi kumeza. Kama kidonge kiliundwa kitoe dawa polepole kwa siku nzima, kukisaga ni kukiongezea uso ghafla, na dozi ya saa 24 yaweza kumiminika kwa muda mfupi. Mwulize mfamasia kwanza.

Kidonge cha mtoto

Turudi sasa kwa vidonge vya watoto. Malaria si ngeni katika kaunti hii, hasa kwenye nyanda za chini za Taveta. Kati ya mwaka wa 1954 na 1959 palikuwa na mradi mkubwa wa kupambana nayo, uliounganisha Taveta na Pare ng'ambo ya mpaka, ambapo nyumba zilinyunyiziwa dawa ya kuua mbu. Leo tunategemea tiba na vyandarua. Mwaka wa 2004 Kenya iliichagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida, na tangu mwaka wa 2009 imekuwapo aina ya watoto inayotiwa katika maji kidogo.

Lumefantrini haipendi maji. Karibu haimumunyuki humo kabisa, na ndiyo sababu hushauriwa inywewe pamoja na chakula au maziwa, kwani mafuta huisaidia kuingia mwilini. Sasa kidonge chake kikitiwa majini, nini hutokea? Ndani yake mna viungo vinavyovimba vikinyonya maji. Vinapovimba hukipasua kidonge vipande vidogo, na vipande hivyo huachana vikawa chembe nyingi zinazoelea. Vipimo vya Ulaya huvitaka vidonge vya aina hii viwe vimesambaratika ndani ya dakika 3. Maji huwa meupe kama tui. Lakini chembe zile bado ni vitu vigumu. Hazijayeyuka, kwa kuwa hapakuwa na joto. Nyingi hazijamumunyuka pia, kwani ukizipa muda hutuama chini kama mashapo. Zimetawanyika tu.

Hicho ndicho kitenzi cha tatu, na tayari tunacho. Kutawanyika ni kuachana na kuenea huku kila kimoja kikibaki vile kilivyokuwa. Watu wakitawanyika baada ya mkutano, kila mmoja hurudi kwake akiwa mzima. Hakuna aliyemumunyuka.

Mlezi aliyeambiwa kwamba kidonge “kimeyeyuka” ana haki ya kuamini kwamba dawa yote imo ndani ya maji, na kinachobaki chini ni takataka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa sukari au chumvi. Akimwaga mashapo, amemwaga sehemu ya dozi. Aliyeambiwa kwamba kidonge “kimetawanyika” atajua kwamba chembe za dawa zimo humo, zinazama, na zapaswa kufuatwa mpaka ya mwisho. Atakoroga kabla ya kumnywesha, hatakiacha kikombe kikae, na atakisuuza kwa maji kidogo na kumpa mtoto anywe. Vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, na vile vya amoksisilini vinavyotiwa majini, navyo huandaliwa kwa namna hiyo.

Linganisha na pakiti ya chumvichumvi ya kumrudishia mtoto maji mwilini. Pakiti ya kawaida ina gramu 20.5, na mchanganyiko wake hutiwa katika lita 1 ya maji safi. Huo humumunyuka kweli, maji hubaki angavu, na ukiona punje chini endelea kukoroga. Kwa hiyo, mtoto mmoja anayeharisha aweza kupewa siku moja dawa mbili za kutiwa majini, moja ya kumumunyuka na nyingine ya kutawanyika. Tukizielekeza zote kwa kitenzi kimoja, tunamtegea mama mtego.

Pakiti ikikosekana, wengi huelekezwa watumie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita 1 ya maji. Hapa nako umbo lina neno. Kijiko kidogo cha chumvi laini kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 6. Chumvi ya vigamba, kwa kuwa vigamba huacha nafasi kati yao, yaweza kuwa nusu ya hapo kwa kijiko kile kile. Chumvi ya mawe nayo haina kipimo cha kuaminika. Kipimo hicho cha kijiko kilikusudiwa chumvi laini, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Pakiti ya zahanati inabaki kuwa bora.

Lugha ya kazi

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi. Nami nauliza: ni nini kilichokosekana katika maelezo haya? Fuwele tunayo, chembe tunazo, mashapo tunayo, kutuama tunako. Vitenzi vyote vitatu vimo vinywani mwetu. Upande wa Tanzania watoto wengi hufundishwa sayansi ya msingi kwa Kiswahili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Huku kwetu Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini maagizo ndani ya pakiti nyingi za dawa hayajapata habari hiyo. Mwenye duka hulazimika kutafsiri papo hapo, foleni ikimsubiri, kwa neno la kwanza linalomjia.

Pendekezo langu ni jepesi na halihitaji kamati. Walimu wa sayansi na wa Kiswahili wakubaliane kwamba darasani kuyeyuka kutakuwa kwa joto, kumumunyuka kutakuwa ndani ya kioevu, na kutawanyika kutakuwa kwa chembe zinazoelea bila kumumunyuka. Wanaoandika na kutafsiri maagizo ya dawa waachane na “yeyusha kwenye maji” kwa vidonge vya aina hii, na badala yake waandike: “Tawanya kidonge katika maji kidogo. Koroga, mnyweshe mtoto mara moja. Suuza kikombe kwa maji kidogo, umpe anywe.” Ni sentensi chache zinazoenea kwenye ubavu wa pakiti.

Mezani, endelea kusema sukari imeyeyuka. Hakuna mtoto atakayekosa dozi kwa ajili ya chai yako.